Jinsi Pepopunda Ilivyonifunga Kinywa

Kabla ya kuumwa nilikuwa katibu wa jumuiya ndogo ndogo ya Kikristo hapa Kongowe, Kibaha, na kazini nilikuwa mtunza stoo. Kote kuwili sifa yangu ilikuwa moja: orodha zangu hazina makosa. Nilijua nani hukosa sala za Jumamosi, nani husinzia wakati wa tafakari, nani hutokea chai ikishachemka. Nilisali na watu hao miaka kumi na moja huku nikiwadharau kwa utaratibu mzuri kabisa.

Nayaandika haya kwa ajili ya mgonjwa anayehisi hatatoka wodini, na kwa mzima anayegombana kanisani na kujiona ana haki.

Ugomvi wetu ni huu, na naona aibu kuuandika. Mwezi wa Rozari, yaani Oktoba, tuna desturi ya kuzungusha sanamu ya Bikira Maria. Inakaa nyumba moja siku moja, kesho yake tunaihamishia nyumba ya jirani tukiimba. Mwaka ule mvua ilinyesha mfululizo, sanamu ikakwama siku nne kwa mwenyekiti wetu, Mama Prisca. Aliyefuata kwa zamu alikuwa Festo, seremala. Alikuwa amefagia uwanja na kuazima viti, na mkewe alikuwa amekaanga maandazi. Mvua ilipokatika, Mama Prisca akairuka nyumba ya Festo kwa sababu siku yake ilikuwa imepita. Ratiba niliiandika mimi. Ningeweza kuisogeza kwa mstari mmoja wa kalamu. Nilisema ratiba ni ratiba.

Festo na wenzake wakanunua sanamu yao. Ilikuwa ndefu kuliko yetu kwa kiganja kimoja, na walihakikisha tunalijua hilo. Watu wazima, wenye wajukuu, wakaanza kusali saa ileile katika nyumba mbili zinazotazamana, kila upande ukiimba kwa nguvu ili kuufunika wa pili. Wapita njia walidhani kuna harusi mbili.

Nina shamba la mihogo na mikorosho Mzenga, Kisarawe. Jumamosi moja asubuhi nilikuwa nabomoa banda la mbuzi, nikakanyaga ubao wenye msumari. Ulipenya kandambili ukaingia katikati ya unyayo. Mzee Sefu, jirani yangu wa shamba, alinikalisha chini, akaniosha kwa maji na sabuni.

“Baba Anjela, huu ni msumari wa bandani. Nenda zahanati ukachomwe sindano ya pepopunda.”

“Nitapitia, mzee.”

“Usipitie. Nenda.”

Nilienda. Mbele yangu walikuwepo akina mama sita na watoto wao. Kikao cha kuigawa jumuiya rasmi kilikuwa saa tano, na orodha ya nani aende upande gani ilikuwa mfukoni mwangu. Nilisubiri robo saa, nikatoka, nikawasha pikipiki. Nikaenda kuwasomea watu majina yao huku kandambili ikilowa damu. Jioni mke wangu Skola aliniuliza kama nimechomwa sindano. Nikamwambia ndiyo.

Siku ya nane baada ya msumari ule, Jumapili, niliamka na taya zito. Skola akadhani ni jino, akanipa maji ya chumvi nisukutue. Mchana Paroko alituita pande zote mbili ukumbini atupatanishe. Festo akasimama kuzungumza. Katikati ya maneno akaninyooshea kidole.

“Baba Paroko, mwangalie Katibu. Mimi nasema ya moyoni, yeye anakenua.”

“Ndiyo kawaida yake,” mtu akadakia nyuma yangu. “Leo umemwona wewe tu.”

Nilitaka kusema kwamba sicheki. Meno hayakuachana. Mdomo ulikuwa umevutika kuelekea masikioni, misuli ya uso imekaza. Hakuna hata mmoja aliyeshtuka, na hilo linaniuma mpaka leo: uso wa pepopunda ulifanana na uso wangu wa kila siku.

Jioni ile shingo ikakaza. Asubuhi mgongo ukapinda kinyumenyume hata nikawa nagusa godoro kwa kisogo na visigino tu. Niliuma ulimi. Nilijikojolea. Akili ilikuwa nzima muda wote, kwa maana ugonjwa huu haukupi hata nafuu ya kuzimia. Hospitalini daktari, mama wa makamo, aliuangalia unyayo akamuuliza Skola nilichomwa sindano lini.

“Alisema alichomwa,” Skola akajibu, akanitazama. Nikajifanya naangalia ukuta.

Wakasafisha kidonda, wakanichoma dawa ya kuzuia sumu isiendelee, wakanipitishia puani mpira wa chakula, wakaniweka chumba cha peke yangu chenye pazia zito.

“Mwanga na kelele vinaishtua misuli yake,” daktari akamwambia Skola. “Kishindo kimoja kinaweza kumbana pumzi akafa. Humu hakuna mazungumzo.”

Siku ya tatu wakaja kuniombea. Kundi la Mama Prisca lilitangulia, likaanza wimbo palepale mlangoni. Kundi la Festo likawakuta, likaanza wimbo wake. Hakuna upande uliokubali kunyamaza wa kwanza. Nilihisi mgongo ukinyanyuka, kifua kikafunga kama mtu amekikalia. Dari ikaanza kuwa nyeusi. Muuguzi alikuja mbio, akanichoma dawa, akaanza kunisukumia hewa. Nilisikia kila neno la nje.

“Mnamuua mume wangu,” Skola aliwaambia.

“Sisi tulianza taratibu,” Mama Prisca akasema. “Wao ndio wamekuja na vigelegele.”

“Vigelegele? Na hiyo sauti yako ya king’ora je?” Festo akamjibu.

Mimi natafutiwa pumzi, wao wanatafuta ni wimbo wa nani ulioniangusha. Kama ningekuwa na mdomo, ningewatukana wote.

Skola alikuwa hajalala siku tatu na alihitaji msaada. Akawapa sharti: kila siku waingie wawili tu, mmoja wa upande huu na mmoja wa ule, na wakae kimya. “Mkishindwa, bakini nyumbani mkaimbiane.”

Wakaja. Sidhani walikuja kwa upendo. Kila upande uliogopa mwingine usije ukasifiwa peke yake. Asubuhi nyingi zilimwangukia Mama Prisca na Festo. Mgonjwa wa pepopunda hageuzwi na mtu mmoja. Lazima wawili wainue kwa pamoja, polepole, la sivyo anashtuka. Na kwa kuwa kusema kulikatazwa, iliwabidi watazamane machoni ndipo wainue. Siku za mwanzo walitazamana kama mbuzi na chui. Lakini walitazamana.

Paroko alikuja na Ekaristi. Akainama sikioni kwangu, akanong’ona: “Kinywa hakifunguki, kwa hiyo leo utapokea kwa tamaa, yaani moyoni tu. Lakini kwanza tufanye kitubio. Umemsamehe kila mtu? Fumba macho kama ni ndiyo.”

Festo alikuwa amesimama miguuni pangu ameshika beseni. Nikakodoa macho. Sikujua kama nitaamka kesho, na bado nilikodoa. Paroko akasubiri, akanitazama tena.

“Basi nitarudi,” akasema.

Kesho yake tumbo langu liliharibika. Skola alikuwa amekwenda nyumbani kuoga. Mama Prisca alinishikilia, Festo akanisafisha kwa kitambaa na maji ya vuguvugu, taratibu, kama anapiga randa ubao ambao hataki uharibike. Niliitafuta dharau usoni mwake. Mimi ningekuwa nayo. Yeye alikuwa anaangalia tu kama pamebaki uchafu.

Hapo nilielewa ni nani aliyejitenga na jumuiya kabla ya sanamu ya pili kununuliwa. Miaka kumi na moja nilipokea Mwili wa Kristo nikidhani ni jambo la mimi na Mungu, na hao wengine wamesimama tu kwenye mstari. Huwezi kuungana na Kristo ukamwacha nje yule aliyeungana naye. Nilikuwa nalisoma hilo kwa sauti kila Jumamosi, tena kwa matamshi mazuri.

Paroko aliporudi na kuuliza tena, nilifumba macho kwa nguvu hata muuguzi akadhani mshtuko umeanza. Akaniondolea dhambi, akanipaka Mafuta ya Wagonjwa. Komunyo ikabaki kungoja taya.

Wiki ya tatu taya lilifunguka upana wa kidole. Daktari akanijaribu kwa maji, akaona nameza. Paroko akamega kipande kidogo kama punje ya mchele, akakiweka kwenye kijiko chenye maji. Mama Prisca na Festo wakatazamana, wakaniinua.

“Mwili wa Kristo.”

“Amina,” nikasema. Lilikuwa neno langu la kwanza tangu niingie pale, na sauti ilikwaruza kama bawaba kavu. Nikameza. Sikukohoa.

Leo natembea, ingawa asubuhi mgongo hukaza. Sala za Jumamosi tunazifanya nyumba moja. Msidhani tumekuwa malaika: majuzi tumebishana saa nzima kuhusu birika. Namshukuru Mungu, nawashukuru wauguzi, Skola, na Mzee Sefu ambaye nilimpuuza. Mkichomwa na msumari, nendeni zahanati siku hiyohiyo. Hata aliyeugua pepopunda akapona anahitaji chanjo, maana kuugua hakumkingi. Daktari alinichanja kabla ya kuniruhusu. Kikao kitawasubiri. Vikao vya aina ile havifi.

Festo bado ananiudhi. Anaongea sana na husahau alichoahidi. Kila Jumapili, Padre akisema tutakiane amani, navuka njia ya katikati mpaka kwenye benchi lake. Nikishampa mkono, ndipo naenda kupokea.