Milimita Tatu za Kushoto

Mimi ni mtu wa nyumbani. Mtaani kwetu Silanga nikionekana nimevaa viatu vya kufunga kamba, watu hujua kuna mazishi. Kwa hiyo siku nilipopeleka jarida la kwaya yetu Kawangware kuchapishwa, mpangaji mpya wa chumba cha pili aliniuliza ni nani ametuacha.

Kawangware si mbali. Unatembea hadi kituo cha Olympic, unapanda gari, unabadilisha mara moja. Lakini jirani yangu wa zamani, mama wa Kitui aliyeishi upande wa pili wa ukuta wangu wa mabati miaka kumi na moja, alikuwa amehamia huko, na miezi minane ilipita bila mimi kukanyaga kwake. Tuliitana "jirani" tu, mimi na yeye. Chai ikiiva aligonga bati mara mbili, nami nikazunguka na kikombe changu. Siku ya kuhama, vyombo vikiwa tayari juu ya mkokoteni, aliniambia, "Jirani, hii kwaya nimeimba tangu tukiwa watu watano. Jarida likitoka, nataka kujiona." Nikamwahidi. Kuahidi ni kazi unayoweza kuifanya ukiwa umekaa.

Jarida lilikuwa kurasa nne, nami ndiye mhariri, mpiga taipu na mpangaji wa kurasa, kwa kuwa nilikuwa na laptop na sikuwa na pa kwenda. Picha ya jalada niliijaza mpaka ukingoni: akina mama kumi na wanne mbele ya ploti yetu, yeye akiwa wa mwisho kushoto. Nikaona nimemaliza.

Fundi wa uchapaji, dada mwenye penseli nyuma ya sikio, aliifungua kwenye kompyuta yake, akaguna.

"Boss, hii haina bleed."

"Haina nini?"

"Sisi tunachapa kwa karatasi kubwa, halafu tunakata. Kisu hakina macho, kinaweza kuhama kidogo. Picha yako ikiishia palepale pa kukatwa, utabaki na mstari mweupe pembeni, kama petikoti inachungulia. So lazima izidi milimita tatu kila upande. Hizo tatu zinakatwa, zinaenda. Hiyo ndiyo bleed."

"Si uivute tu kidogo?"

Akaivuta. Mstari mwekundu wa kukatia ukapita katikati ya uso wa jirani yangu. Likabaki jicho moja, na nusu ya mdomo uliokuwa wazi kwa wimbo.

"Ni huyu mmoja tu anaumia," alisema. "Wengine wako sawa."

Kosa lilikuwa langu, na halikuwa la bahati mbaya. Picha ile ilipigwa na binti yake kwa simu, na iliponifikia ilikuwa pana. Kushoto kwake kulikuwa na mlango wangu, na mlangoni nilikuwa mimi, nimejifunga taulo, mswaki mdomoni, naitazama kwaya kama mtu anayengoja maji yarudi. Jalada la kwaya ya kanisa! Nikaikata hadi sikioni pa jirani ili usibaki hata uzi wa taulo. Ile nzima nikaifuta, maana simu ilikuwa imejaa.

Nikampigia. "Jirani, binti bado ana ile picha ya kwaya? Anitumie."

"Uko wapi na kelele hizo?"

"Kawangware."

Kikaja kicheko kile kilichozoea kupenya bati. "Wewe? Kobe amebeba nyumba amekuja? Basi haitumwi. Njoo uichukue mwenyewe."

Alikuwa ghorofa ya pili, chumba cha mawe, pazia zito. Alinitilia chai kabla sijaketi.

"Pazuri," nilisema.

"Pazuri, ndiyo. Hapavuji mvua." Akaupiga ukuta kwa kiganja, haukutoa sauti. "Hapa nikigonga hakuna anayesikia. Nimegonga mara kadhaa, usicheke. Mkono una mazoea."

Sikucheka. Mimi mwenyewe mpangaji mpya akiangusha mwiko huwa nainuka na kikombe.

Binti alipoituma picha kwenye simu yangu, mama aliitazama mpaka akafuta machozi kwa kicheko. "Kumbe ndiyo sababu ulinikata sikio?"

"Ni haya, jirani."

"Haya gani? Hiyo taulo naijua kuliko wewe. Ni mimi nilikuwa naianua mvua ikinyesha na wewe umelala." Akanirudishia simu. "Usikate."

Niliporudi kwenye uchapaji, dada wa penseli aliiweka mahali pake, akaisogeza kulia pole pole mpaka uso wa mama ukawa mbali na mstari. "Sasa yuko salama. Lakini ukimwondoa kwenye njia ya kisu, nafasi ya kushoto inajazwa na huyu wa taulo. Nusu yake inabaki ndani, nusu inaenda na bleed. Unamjua?"

"Kidogo," nikasema. "Kata."

Kwaya iliponiona jaladani ilinibatiza mwimbaji wa kumi na tano, na mwalimu wa kwaya akauliza mswaki ni sauti ya ngapi. Nakala ya jirani sikuituma kwa mtu. Nilivaa tena viatu vya kamba.

Jirani alipitisha kidole usoni pake jaladani: sikio, kidevu, vyote vipo. Kisha kidole kikaenda hadi ukingoni. "Nusu nyingine iko wapi?"

Niliitoa kwenye mfuko wa shati. Nilikuwa nimeiokota chini ya mashine ya kukatia: uzi mrefu wa karatasi, na ndani yake kipande cha mlango wangu na bega moja. Akauunganisha na ukurasa, akausawazisha kwa ukucha, akaviingiza vyote chini ya kioo cha meza.

"Hiyo inabaki hapa," akasema.

Kisha akaenda jikoni, na baada ya muda nikasikia akigonga sufuria kwa kijiko, mara mbili. Nikainuka kutafuta kikombe.