Maziwa ya Inamahoro

Nilikuwa mtoto wa kutumwa kuanika ndagala, dagaa wa ziwa letu, mchangani wakati Wadachi walipoamuru watu wa Rumonge wahame pwani. Malale yalikuwa yametumaliza. Mtu alianza kwa kusinzia mchana huku tonge liko mkononi, ikafuata kutetemeka, mwisho akalala usingizi usio na asubuhi. Mbung'o wanaoleta ugonjwa, tuliambiwa, wanakaa vichakani kando ya maji, basi watu waondoke majini. Askari walipita nyumba kwa nyumba wakipapasa watoto shingoni kutafuta vitezi. Aliyekutwa navyo alipelekwa kambini kuchomwa sindano, na baadhi ya waliorudi kutoka huko walirudi hawaoni.

Baba yangu alikuwa fundi wa kuchonga mitumbwi. Aliishi nasi pamoja na mama yake, bibi yangu, mwanamke wa maneno machache na makali. Mdogo wangu Tatu alikuwa ndiyo kwanza ameanza kusema maneno yakaeleweka. Amri ilipokuja, kila nyumba ilijiuliza swali moja: twende wapi? Kwetu swali hilo liliwekwa jikoni, na sote tulikuwepo.

“Twende ng'ambo,” bibi alisema. “Kwa Wabelgiji iko dada yako, iko mawese, iko watu wa kusali nao. Huko mulimani kwa shemeji yako utachonga mutumbwi wa kuvuka nini? Majani?”

“Ng'ambo nako malale iko, mama. Mbung'o hajui mupaka.”

Mama yangu alikuwa akimenya muhogo. Yeye alizaliwa Bugarama, huko juu, akashuka ziwani kwa ndoa, akasilimu, akajifunza kula samaki akiwa mtu mzima. Kaka yake alikuwa bado anaishi kule na ng'ombe wake. “Kwetu hakuna mbung'o,” akasema, bila kuinua uso.

Bibi akamgeukia. “Basi sikiliza, mukwe wangu, na wewe unajua kuliko mimi. Samaki na maziwa havilali tumbo moja. Hawa watoto wamekula ndagala tangu waote meno. Siku watakunywa maziwa ya kwenu, atakufa ng'ombe ama atakufa mutoto.”

Nilimtazama mama nikingoja aseme kwamba hayo ni maneno ya wazee tu. Hakusema hivyo. Alisema, “Najua, mama.” Jibu hilo lilinitia hofu kuliko askari wote.

Baba akachagua mlima. Bibi akachagua ng'ambo. Alipanda mtumbwi ambao baba mwenyewe alikuwa ameuchonga, akakaa ametupa mgongo, na sisi tukajitwika mizigo tukaanza kupanda.

Leo watu husema kuhama ni kubadilisha mahali. Mimi najua ni kubadilisha hata sauti. Sisi watu wa ziwa tulizoea kusemeshana juu ya kelele za mawimbi. Kule Bugarama walisema polepole, na kila nilipofungua mdomo watoto walicheka, wakaniuliza ninamwita nani ng'ambo. Baridi iliingia mpaka kwenye meno. Hapakuwa na mawese, na maharage yaliyochemshwa kwa maji na chumvi kidogo yalitushinda kumeza. Baba aliposujudu uani, majirani walisimama kumtazama kama mtu aliyeangusha kitu. Shoka lake halikuwa na kazi, akawa analima shamba la shemeji yake, naye hakujua kulima.

Mjomba alitupokea vizuri, ila kwa sharti. Tusikaribie zizi. Tusiguse chombo cha maziwa. Miezi mingi ingepita kabla hatujahesabiwa kuwa matumbo yetu yamesafika. Hakulisema kwa ubaya. Alilisema kama mtu anayemwonyesha mgeni mahali penye shimo.

Mke wake aliitwa Inamahoro. Alikuwa mrefu, mwenye pengo la meno linaloonekana akicheka, na hakuwa amejaliwa mtoto. Tangu siku ya kwanza alimchukua Tatu mgongoni akawa hamteremshi. Alijifunza kutoka kwake maneno ya Kiswahili, akayasema vibaya, na Tatu akawa anamsahihisha kwa kiburi. Nadhani hao wawili ndio peke yao waliokuwa na furaha katika nyumba ile.

Kisha Tatu akaanza kukataa chakula. Uji wa ulezi aliutema, maharage aliyageuzia uso. Akabaki macho na magoti. Asubuhi moja, Inamahoro akitoka kupokea maziwa kwa mume wake, Tatu alinyoosha mikono kwenye chombo, akalia bila sauti, kwa kuwa sauti ilikuwa imekwisha.

Inamahoro akachuchumaa mbele yake. Mama akamshika mkono. Walisemeshana kwa Kirundi.

“Wifi, usifanye. Unajua huyu amekula nini, na unajua mila.”

“Mtoto anakufa kwa njaa na maziwa yapo mkononi mwangu,” akajibu. “Nikiyapitisha mbele yake, nitaitwa nani?”

Kisha, kwa Kiswahili chake, akamwambia Tatu, “Kunywa, mutoto yangu. Kunywa polepole.”

Akanywa. Mama aliziba macho kwa kanga. Kila asubuhi baada ya hapo akanywa tena, nyuma ya nyumba, na niseme kweli, alipata nguvu. Alikimbiza kuku. Alinipiga kwa sababu nilikalia mkeka wake. Nikaanza kuamini kwamba bibi alikosea.

Ndipo ng'ombe akaugua. Aliacha kula, masikio yakalala, chini ya masikio pakavimba, pumzi ikawa ya kukoroma. Akafa, na ndama wake naye akafuata. Wazee wa mlima walikuja wakakaa uani wakauliza swali lao: nani amewapa walaji samaki maziwa?

Mama alifungua mdomo. Ninajua alitaka kusema ni yeye aliyeiba, maana nilimwona akisogea mbele. Inamahoro akamtangulia.

“Ni mimi. Hakuna aliyeniomba.”

Mjomba alimtazama mke wake muda mrefu. Hakumpiga wala hakumtukana. Wazee walingoja, naye akasema kwamba arudi kwa baba yake. Akaondoka siku ile ile, ungo kichwani, jua likiwa bado juu. Tatu alimwita kwa sauti ya ziwani, ile ya kuita mtumbwi. Hakugeuka. Mabega tu ndiyo yalitikisika.

Baada ya hapo Tatu alianza kulala. Tulidhani ni huzuni. Alilala mchana juani, akalala mdomo wazi uji ukimtoka, mpaka siku mama alipokuwa akimsuka akasimamisha vidole nyuma ya shingo yake. Vitezi vilikuwepo. Tulikuwa tumepanda na ugonjwa kutoka Rumonge.

Alipokufa, mama alimwosha, na baba alimsalia peke yake. Hapakuwa na safu nyuma yake, nilikuwapo mimi na mama tu. Majirani walisimama mbali kwa heshima, wasijue tunafanya nini.

Tulishuka, tukavuka kwenda kwa bibi. Hakutuambia, “Nilisema.” Aliuliza tu, “Alikunywa?” Mama akasema, “Alikunywa.” Bibi akaketi chini akalia, na ndiyo mara yangu ya kwanza kuona kwamba hakupenda maneno yake yawe kweli.

Sasa mimi ni mzee kuliko bibi alivyokuwa. Ninajua homa ya kupe inavyoua ng'ombe, hata kwenye vilima ambavyo samaki hajawahi kufika. Ninajua mdogo wangu alikuwa na malale kabla hajaonja tone la maziwa. Lakini sijawahi kuwacheka wale wazee. Walikuwa wamepoteza, nasi tulikuwa tumepoteza, na kila upande ulitafuta sababu iliyo karibu na mkono.

Wadachi walipokwisha kuondoka tukarudi Rumonge, nami nilipokuwa mke wa mtu nilipanda Bugarama kumuulizia Inamahoro. Mjomba alikuwa amezeeka, anaishi peke yake. Alisema alimfuata baadaye, akachelewa. Watu wa ukoo wake walikuwa wamehama, na hakuna aliyejua walikoelekea. Aliyasema hayo akitazama zizi lililoota majani, kisha akaniuliza kama nina njaa.

Nikimaliza kumwombea Tatu, humwombea na Inamahoro. Sijui kama alipata mtoto. Sijui alizikwa wapi, wala yeye mwenyewe aliomba kwa nani. Ninamtaja kwa jina, basi, kisha naenda kuwasha moto.