Samaki wa Fradl

Kila Jumanne asubuhi, katika klabu ya wazee ya mji wa Holon, Israeli, manusura wa kambi za Wanazi walikutana kuandika kumbukumbu zao, na kila Jumanne Bluma aligombana na tashbihi. Mwalimu wao, Osnat, binti wa miaka ishirini na saba, alizipenda kupita kiasi.

“Bibi Bluma, njaa ilikuwa kama nini?”

“Kama njaa.”

“Msomaji hataona kitu!”

“Hata mimi sikuona kitu, mwanangu. Sahani ilikuwa tupu.”

Zelig, mzee wa miaka tisini aliyekaa karibu na biskuti kwa makusudi, akadakia, “Yangu ilikuwa kama mbwa mwitu tumboni!”

“Wewe mbwa mwitu ulimwona wapi? Baba yako si alikuwa fundi kofia mjini?” Bluma akamuuliza.

“Nimemwona kwenye bustani ya wanyama, Ramat Gan. Alikuwa amelala.”

Watu walicheka mpaka chai ikamwagika. Bluma hakucheka sana. Kitabu chake kilikuwa kimekwama ukurasa wa arobaini, penye Fradl, mwanamke mwenzake wa ubao mmoja wa kulalia kambini. Fradl hakuacha ndugu wala kaburi. Bluma asipomwandika, basi, amekwisha kabisa, na hilo lilimuuma kuliko magoti yake.

Osnat akaweka kalamu chini. “Haya, achana na ‘kama’. Niambie tu wewe na Fradl mlikuwa mnafanya nini.”

“Tulikuwa tunapika.”

“Mnapika nini?”

“Samaki. Kwa mdomo! Kila jioni, yale maji wanayoyaita supu yakishaisha, tunasaga hewani samaki wa Ijumaa, wa kuikaribisha Sabato. Fradl mtu wa mji wa Łódź, kwao samaki hutiwa sukari. Mimi wa Vilna, kwetu ni pilipili manga. Sukari kwenye samaki, jamani! Tulitukanana miezi minane, mpaka wenzetu wakatuomba tufunge jiko.”

Zelig akacheka kwa kelele. Bluma akaendelea.

“Jioni moja akaniambia, ‘Haya, Bluma, leo tia pilipili yako.’ Ndipo nikajua anakufa.”

Zelig akarudisha biskuti sahanini. “Ukatia?”

“Nitie vipi, mjinga wewe? Nikatia sukari, vijiko vitatu, nikamwonjesha.” Bluma alifuta macho kwa leso, kisha akakunja uso. “Na tangu hapo kila Ijumaa natia sukari. Miaka sitini! Samaki mbaya hadi leo. Na sahani naimaliza.”