Jioni Niliyoita Maji Bila Kuyatazama

Julai ya Nairobi ina harufu yake, na kwangu mimi ni harufu ya nguo iliyokataa kukauka. Unaifua Jumatatu, unaianika, unaianua, unaianika tena, na Alhamisi ukiishika kwenye mshono bado ni baridi. Juzi nilianua shuka kwenye kamba ya balkoni, nikalipeleka puani kama tufanyavyo sote, na mara nikawa na miaka kumi tena, niko chini ya mteremko nyuma ya mtaa wa Umoja, vidole vya miguu vimekufa ganzi, na mwanamke ananiita kutoka ng'ambo ya mto. Jambo hili nimekaa nalo muda mrefu. Wewe nitakwambia, lakini usinihurumie.

Ploti yetu, safu ya vyumba vya kupanga, ilikuwa ya mwisho kabla ya mto. Nyuma yake kulikuwa na sukuma wiki na nduma za watu, kisha maji. Kwa mgeni, ule mto haukuwa kitu: mweusi, wa polepole, hatua kumi na tano kutoka ukingo hadi ukingo. Lakini ulikuwa na saa zake. Huko juu, kwenye viwanda ambavyo hatukuwahi kujua ni vipi, walikuwa wakifungulia maji yao ya uchafu jioni, na kama saa kumi na moja hivi mto ulianza kupanda. Ulipanda, ukatulia kwa muda wa kupika ugali na mboga, kisha ukashuka. Darasa la nne, mwalimu alipotufundisha habari za maji kujaa na kupwa kule Pwani, niliinua mkono nikasema hata Umoja yanajaa na kupwa. Darasa zima lilicheka mpaka mwalimu akagonga meza. Sikuelewa walichekea nini, maana mimi zile saa za maji nilizijua kuliko nilivyojua kuzidisha kwa saba.

Na Julai maji hayo yalikuja na joto. Haki ya Mungu, yalikuwa vuguvugu! Mawingu yamekaa juu ya mabati wiki nzima, manyunyu hayaishi, wewe unatetemeka ndani ya sweta mbili, halafu unaona mvuke unapanda kutoka mtoni kama kwenye sufuria ya chai. Tulikuwa tukiteremka kisiri kuchovya miguu. Mama yangu, ambaye alikuwa na meza ya mboga pale langoni, akituona alikuwa akipaza sauti: "Endeleeni tu kuoga huko, siku moja mtaamka na magamba!" Nilikuwa nikijikagua magoti kabla ya kulala.

Wanawake wengi wa ploti yetu walifanya kazi ya kufua nguo ng'ambo, kwenye nyumba za mtaa wa Fedha. Njia yao ya mkato ilipita mtoni, juu ya sakafu ya zege iliyobaki baada ya kidaraja cha zamani kuvunjika. Sakafu hiyo siku zote ilikuwa chini ya maji, na maji yenyewe yalikuwa meusi kiasi kwamba huwezi kujua kama ni ya kifundo cha mguu au ya kiuno. Ndipo Fundi Mutiso akasimika nguzo.

Fundi Mutiso alikuwa mchongaji, na kibanda chake kilikuwa karibu na kivuko. Alichonga twiga wa kuuzia watalii. Alikuwa mtu wa kununa, na twiga wake walikuwa na shingo fupi kwa sababu alinunua vipande vya mbao vilivyobaki kwa wenzake. Ukimwambia hivyo alijibu kwamba huyo ni twiga wa Umoja, amezoea nyumba zilizobanana. Nguzo yake aliikata alama tatu akitumia mguu wake mwenyewe: kifundo, goti na paja. Kwa kuwa alikuwa mfupi, wanaume warefu walimtania kwamba goti lake ni kifundo chao. Yeye aliwaambia wakachonge yao.

Aliisimika upande wetu, alama zikitazama kwetu, kwa hiyo asubuhi mtu anayetoka aliziona vizuri. Jioni, anayerudi kutoka Fedha hakuona kitu, hasa Julai, manyunyu yakiwa yamefunika kila kitu na giza linakuja mapema. Basi ploti ikaweka zamu. Kila wiki mtoto mmoja alikuwa na kazi ya kuita maji. Mwanamke akifika ng'ambo anaita, "Maji wapi?" Wewe unakwenda hadi kwenye nguzo, unainama, unatazama, unajibu kwa sauti: "Kifundo!" au "Goti!" au "Paja!" Yakipita paja unaita "Zunguka!" naye anageuka kwenda kuvukia daraja la barabara ya Outer Ring, karibu saa nzima kwa miguu iliyosimama tangu asubuhi. Fundi alikuwa na neno moja tu kwa waitaji wote, na alilisema mpaka tukawa tunamwigiza: "Angalia kwanza, ndio upige kelele."

Wiki ninayokusimulia, zamu ilikuwa yangu.

Sasa nikueleze habari za Mama Nekesa. Alikuwa jirani yetu wa mlango wa tatu, mtu wa pande za Bungoma, mwenye kicheko cha kusikika mpaka barabarani. Alilea watoto wawili peke yake, na mkubwa wao, Nekesa, alikuwa rafiki yangu na tulikaa dawati moja. Alifua kwenye nyumba moja tu, ya watu waliomwamini, na kazi hiyo ndiyo iliyoilisha nyumba yake. Julai, kwa kuwa nguo zilikataa kukauka kule, alizibeba kichwani zikiwa zimefungwa ndani ya shuka, akazimalizia nyumbani kwake juu ya jiko, kisha kwa pasi ya makaa. Mashati meupe yalining'inia chumba kizima, na Nekesa na mdogo wake waliamriwa wapite chini yake wakiwa wameinama, wasiguse hata kwa kivuli.

Jioni ile kulikuwa na baridi ya kukata masikio. Fundi alikuwa amewasha moto wa maranda, yale maganda membamba yanayotoka kwenye mbao, na alinikaribisha nikae. Nilikuwa nimefukia kiazi kitamu kwenye majivu. Kilikuwa kimeanza kunukia, na mimi nilikuwa nimepata mahali pangu, goti moja hapa, goti jingine pale, moshi ukienda upande mwingine. Mara nikasikia sauti ya Mama Nekesa.

"Maji wapiii?"

Sikuinuka.

"Mwende," Fundi akaniita kwa jina, bila kuacha kupiga msasa mgongo wa twiga. "Unaitwa."

Nguzo ilikuwa hatua ishirini kutoka pale. Ishirini, wala si zaidi, nimezihesabu mara nyingi kichwani. Niliinuka nusu, nikapiga hatua mbili nje ya kibanda, manyunyu yakanipiga usoni, na nikajiambia kwamba nilipotazama mara ya mwisho ilikuwa kifundo. Nikaita kwa sauti nzuri kabisa, sauti ya mtu aliyetazama: "Kifundo!" Nikarudi upesi kabla mahali pangu hapajapoa.

Fundi aliinua macho akanitazama. Kisha akayarudisha kwenye twiga wake.

Tulisikia mara moja tu, kishindo cha mtu mzito kuanguka majini, halafu kelele. Fundi alitoka mbio na msasa mkononi. Nilipofika ukingoni, yeye alikuwa ndani ya maji mpaka mapajani, amemshika Mama Nekesa kwapani, na mwanamke yule alikuwa anapigana naye, si kwa sababu anazama, bali kwa sababu alitaka kurudi nyuma. Lile shuka lilikuwa limefunguka. Shati moja jeupe lilijaa hewa likaelea kidogo. Sweta la shule la mtoto wa watu likafuata. Vingine hatukuviona kabisa, viliondoka chini chini na ule weusi.

Walimkalisha kwenye kibanda, pale pale pangu, wakamfunika blanketi. Meno yalikuwa yanagongana. Alikuwa anasema neno moja tu: "Nguo za watu. Nguo za watu jameni."

Ploti yote ilikuwa imeshateremka. Mama yangu akauliza, "Nani aliita maji?"

"Mimi."

"Uliita nini?"

"Kifundo. Nguzo ilisema kifundo."

Wote waligeuka kuitazama nguzo. Maji yalikuwa yanagonga alama ya paja. Hapo ndipo ningesema. Mdomo ulikuwa wazi kabisa, neno liko hapa. Badala yake nikasikia sauti yangu ikisema, "Labda imelegea. Labda Fundi aliikata vibaya."

Fundi Mutiso, maji yakimchuruzika kwenye suruali, alikwenda akaishika nguzo kwa mikono miwili akaitikisa. Haikutikisika. Alisimama kidogo akiwa ametugeuzia mgongo, kisha akasema, "Inawezekana. Labda nilikata vibaya."

Mama yangu alinitazama mpaka nikaangalia chini. Kiazi changu kiliungua na sikukikumbuka.

Kesho yake Mama Nekesa alikwenda Fedha kujieleza, na kabla ya saa sita alikuwa amerudi. Hakuitwa tena kazini. Alitafuta nyumba nyingine, lakini wanaofua ni wengi na habari za mtu aliyepoteza nguo hutembea. Wiki chache baadaye alianza kwenda Dandora, kwenye jalala, kuokota plastiki. Alitoka kabla hakujapambazuka na kurudi na gunia mgongoni, na kile kicheko sikumbuki kukisikia tena mwaka huo.

Na kuna hili. Sentensi hii nimeiandika na kuifuta mara tatu. Darasani watoto walianza kuziba pua Nekesa akiingia, wakisema ananuka Dandora. Mimi nilikuwa nakaa naye dawati moja. Niliziba pua pia. Alinitazama mara moja tu, akavuta daftari lake upande wake wa dawati.

Kuita maji kulikoma. Hakuna aliyetangaza, lakini zamu hazikupangwa tena, na wanawake wote waliofua Fedha wakaanza kuzungukia daraja la Outer Ring kila jioni, Julai yote iliyobaki na Agosti yote, ndani ya manyunyu. Nilikuwa nikiwaona wakifika gizani, viatu mkononi, wakilalamikia miguu. Nilijiambia kwamba hawaiamini tena nguzo. Utashangaa nikikwambia kwamba nilifarijika. Lawama ilikuwa kwenye mti, na mti hausemi. Fundi nilimkwepa. Mwaka uliofuata alirudi kwao Ukambani, na mimi sikwenda hata kumuaga.

Nimekuwa mtu mzima na aibu ile kifuani. Sikuwahi kuisema, mpaka mwaka jana, tukiwa tumekaa na mama jikoni kwake tunaambua minji, zile njegere mbichi. Sijui nini kilinisukuma. Labda ni kwa sababu mikono yetu ilikuwa na shughuli na hatukuwa tunatazamana.

"Mama," nikasema, "ile nguzo ya Fundi Mutiso haikuwa imekatwa vibaya."

Hakuacha kuambua. "Kwani ni nani alisema ilikatwa vibaya?"

"Fundi mwenyewe."

"Aah, Fundi." Akatupa ganda kwenye ungo. "Si alikuona hukufika kwenye nguzo na akanyamaza? Aliona na yeye ana kosa. Lakini sisi hiyo nguzo tulivuka nayo kila asubuhi mpaka mvua ikaibeba. Ulishawahi kuona mtu akianguka asubuhi?"

Minji ilinidondoka. Kumbe ni kweli. Asubuhi waliinama wakaitazama kwa macho yao, wakavuka bila wasiwasi. Mimi nilikuwa nikiwaona kila siku nikienda shule, na sikutaka kujua nilichokuwa nikiona.

"Basi mbona jioni mlizunguka?" nikauliza. "Si mngeweka mtoto mwingine aite?"

"Tungeweka mwingine, tungekuwa tumekutaja." Alisema hivyo kama mtu anayeeleza namna ya kupika maharagwe. "Mama Nekesa ndiye alikataa. Alisema huyo mtoto tusimuulize, atasema mwenyewe, tumpe siku chache. Zikawa wiki, zikawa miezi. Halafu yeye na wanawe wakahama."

Nilitoka nje nikasimama kwenye uzio wake, mtu mzima mzima, ninalia kama mtoto aliyepotea sokoni.

Maana nilikuwa nimekumbuka kitu. Ile miezi, kila jioni, Mama Nekesa akirudi na gunia lake la plastiki, alikuwa akipita mlangoni petu. Mlango wake ulikuwa mbele zaidi, hakuwa na haja ya kusimama. Lakini alisimama. Aliliteremsha gunia, akajinyoosha mgongo, akaniambia, "Mwende, mama, hujambo?" Nami nilijibu sijambo, macho kwenye daftari. Alikaa hapo kidogo akinitazama, kisha akalitwika tena gunia akaenda zake. Kila jioni. Nilidhani anapumzika.