Ugoro Chini ya Ukucha

Siku niliyotumbukiza simu ya shemeji yangu ndani ya gunia la majani chai, kulikuwa na manyunyu na lori la kiwanda lilikuwa limechelewa. Nayataja haya mawili ili ijulikane kwamba mimi si mtu wa vita. Lori lingefika kwa wakati, mama mkwe wangu hangepata nafasi ya kucheza ule mchezo wa simu.

Tulikuwa kwenye kituo cha kununulia majani, huku kwetu Konoin, kila mtu amekalia gunia lake. Karani wa kituo ni shemeji yangu, ndugu mdogo wa mume wangu. Yeye ndiye anayepima na kuandika. Mchezo nao ni wake, ameutunga yeye. Unatuma neno MTOTO kwa simu yoyote, hata ile ndogo ya kubonyeza, halafu unaletewa ujumbe kwamba umezaa. Hakuna picha, ni maneno tu. Mtoto analia, chagua moja, mbili au tatu. Ukichagua vibaya, anaendelea kulia.

Mama mkwe wangu, ambaye sote tunamwita Kogo, yaani nyanya, tangu msichana wangu azaliwe, alikuwa amefika hatua ya kumpa mtoto jina. Miwani aliisahau nyumbani. Basi jirani yetu akamsomea, yule anayeimba sauti ya kwanza kanisani, ambaye koo lake halijawahi kunong'ona.

"Mtoto bado hajapiga chafya," akasoma, kituo kizima kikasikia. "Moja, endelea kuita majina. Mbili, mnyonyeshe kwanza. Tatu, ficha ugoro chini ya ukucha wa kidole kidogo, ungoje jina unalolitaka."

"Wui! Ugoro!" mzee mmoja akasema kutoka nyuma. "Hii mchezo inajua mambo."

Kogo alifikiri kidogo. "Bonyeza tatu," akasema.

Ujumbe ukarudi. Jirani akaupandisha kama wimbo: "Mtoto amepiga chafya! Hongera, mama. Mama mkwe hajui."

Watu walicheka mpaka magunia yakatikisika. Kogo hakucheka. Aligeuza kichwa polepole, akaniangalia. Hakuniangalia usoni. Aliniangalia mkono wa kushoto.

Simu ya shemeji ilikuwa juu ya daftari lake, karibu na mizani. Sikumbuki kuinuka. Nakumbuka ubaridi wa majani mpaka kwenye kiwiko, nikiisukuma ile simu ndani ya gunia lililokwisha kupimwa. Na lori, lililokuwa limetungojesha tangu mchana, likaamua kufika saa hiyo hiyo. Wapakiaji hawangoji familia imalize ugomvi. Walifunga, wakarusha, wakaondoka. Shemeji akaazima simu, akapiga namba yake, na gunia moja likaimba juu ya lori mpaka likapotea kwenye kona.

Sasa lazima niseme jambo ambalo nilikuwa nimemwambia mtu mmoja tu duniani.

Kwetu Wakipsigis mtoto ana jina la kanisa, na lile la kwenye cheti, lakini kabla ya hayo kuna kurenet. Wanawake wanamzunguka mtoto mchanga, wanaita majina ya jamaa waliokufa, mmoja baada ya mwingine, na jina ambalo mtoto atalipigia chafya, huyo ndiye aliyerudi. Ugoro kidogo karibu na pua si kosa, kwa sababu hatuwezi kukaa pale mpaka mtoto ashikwe na mafua. Kosa ni mama kuchagua ugoro uje saa gani.

Mimi nilichagua. Nilikuwa nimeolewa kutoka upande wa Kipkelion mwaka mmoja tu uliopita, na katika mwaka huo nilikuwa nimesikia habari za mama mkwe wa Kogo, marehemu. Watu walimtaja kwa heshima kubwa, na hakuna hata mmoja aliyesema anamkosa. Alikuwa anahesabu vijiti vya kuni. Alikuwa anachapa wake za wanawe kwa mwiko. Nikajua jina lake ndilo litakaloitwa la kwanza, na nikaapa kwamba huyo mama hatapitia kwangu kurudi duniani. Lilipoitwa, nilimgeuza mtoto akatazama ukuta. Jina la nne lilikuwa la shangazi wa baba mkwe, ambaye wanasema aliwahi kutolewa kanisani kwa sababu ya kucheka. Hapo nikapitisha kidole kidogo kama mtu anayefuta pua ya mtoto. Chafya mbili! Vigelegele. Kogo akafuta macho. Nilidhani anamlilia shangazi.

Tangu siku hiyo, kila asubuhi Kogo humwita msichana wangu kwa jina hilo kutoka ng'ambo ya ua, na mtoto hutoka mbio na kikombe chake kwenda kupewa maziwa. Karibu miaka mitatu sasa. Kogo angejua nilivyofanya, angeacha kumwita. Hicho ndicho nilichoogopa. Matusi nayaweza, hata nimewahi kumaliza mtu kwa maneno. Lakini ningemwambia nini mtoto anayengoja kuitwa?

Shemeji alirudi kutoka chuo na kompyuta yenye skrini iliyopasuka na huu mchezo kichwani. Maneno yake ya kwanza yalikuwa "Mtoto yako imelia sana". Nikamwambia hata mbuzi angeona aibu kucheza hiyo. Mimi nilitoka kidato cha nne na B ya Kiswahili, ambayo imekaa kwenye bahasha tangu siku hiyo bila kazi. Basi nikamwandikia. Mchana, mtoto akilala, ninaandika upande wa nyuma wa kalenda, yeye anaingiza kwenye kompyuta. Ukichagua "Mwite baba", ujumbe unarudi: "Baba ameenda senta. Jaribu tena jioni." Hiyo ni yangu. Kuna wanawake waliobonyeza mara ishirini wakitumaini.

Tulipofika hatua ya jina, akaniuliza, "Shemeji, kwani huwa mnafanya nini kabisa kabisa?" Nami, kwa sababu ya utamu wa kuandika, nikasema yote. Halafu nikasema, "Hiyo usiandike."

Akaandika. Aliandika hata leso yangu ya bluu, hata mvua ya mawe ya siku ya kuita majina. Wanawake sita walikuwa ndani ya ile nyumba, na wote sita wana simu.

"Toa hiyo kitu," nikamwambia.

"Nitatoa na apdeti inayokuja."

Apdeti ikaja. Sasa mbuzi anaweza kula nepi. Maneno yangu yapo pale pale. Apdeti nyingine ikaja, mtoto akaanza kuonjeshwa mursik, maziwa yetu ya kibuyu, na nikapokea ujumbe kwamba wangu ameipenda sana. Maneno yapo. Nyingine ilikuwa ya mwenyekiti wa kamati ya kituo, ambaye mtoto wake wa mchezo alikuwa amefikisha miaka thelathini na moja na bado anaota meno. Huyo alitengenezewa siku hiyo hiyo, kwa sababu ni mwenyekiti.

"Shemeji, watu wanaipenda hiyo ya ugoro," akaniambia. "Ndio wanarudia sana."

"Watairudia kwa matanga yako."

Tumaini langu lilikuwa mwendo wa Kogo. Kogo hachezi, analea. Alikaa kwenye uchungu wa kuzaa wiki nzima, akikataa kuchagua hospitali kabla hajaambiwa nesi ni bibi ya nani. Alipojifungua, alimwogesha mtoto mara tatu kwa siku kwa sababu ujumbe haukusema kama maji yalikuwa na joto. Nami nikawa ninamtia moyo: "Usiharakishe, Kogo. Acha mtoto akue vizuri."

Asubuhi ya siku ile ya gunia, shemeji alinikuta nikichuma. Akasimama kwenye mstari wa chai na daftari lake.

"Sehemu ya pili nimeanza," akasema. "Itakuwa ni mtoto wa pili. Sasa wewe na bro mko na mpango gani?"

"Mpango wa nini?"

"Wa mtoto. Nimekwama, shemeji. Nataka vitu za ukweli."

Yaani nizae ili yeye apate la kuandika. Nilimwonyesha njia ya kurudi barabarani kwa kidole, na namshukuru Mungu kwamba siku hizo hatukuwa tunapogoa, sikuwa na panga. Kwa hivyo mtu akiniuliza kwa nini jioni niliishika simu yake, ajue ilikuwa imeanza asubuhi.

Simu ilipatikana kiwandani walipomwaga magunia. Ilirudi na lori kesho yake, ikiwa nzima na ikinuka kama birika. Pamoja nayo yalikuja maneno makali kwamba kitu kigeni kimepatikana ndani ya majani ya kituo chetu. Kamati ikaniita nijieleze Ijumaa.

Hilo halikuninyima usingizi. Lililoniumiza ni ua. Asubuhi ya kwanza, Kogo hakuita. Mtoto alisimama pale na kikombe chake mpaka nikaenda kumbeba. Asubuhi ya pili, hakuita. Msichana akaita mwenyewe, "Kogo! Niite!" Nikaingia jikoni nikajifanya moshi umeniingia macho.

Siku ya tatu Kogo alikuja bila kupiga hodi. Akaketi kwenye kigoda, mtoto akakimbilia miguuni pake. Nikaendelea kusonga ugali ambao ulikuwa umeiva zamani.

"Ilikuwa kidole gani?" akauliza.

"Kidogo, Kogo. Ya kushoto."

"Najua ni kushoto. Niliona. Ukucha ilikuwa nyeusi kama ya fundi wa baiskeli."

Nikaacha mwiko. "Uliona? Siku ile ile?"

"Mimi nina macho."

"Na ukanyamaza?"

"Weh." Akavuta kigoda karibu. "Huyo mama alinichapa na mwiko miaka kumi na moja. Kumwita wa kwanza ni heshima, singeruka. Nikamwita haraka haraka, nimefunga macho. Kufungua, huyu wako amekunja pua, kabla hujamgeuza ukutani! Haki nilisema nimekwisha, amerudi, na sasa ni mimi nitambeba mgongoni."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Machozi yake ya siku ya vigelegele, kumbe yalikuwa ya mtu aliyeponea chupuchupu.

"Sasa, Kogo, kwa nini umekuwa na hasira?"

Hapo ndipo uso wake ulipobadilika. "Kwa sababu huyo mtoto wangu ameandika ati sijui. Imesomwa mbele ya watu. Mama mkwe hajui! Mimi ni mjinga?"

Kisha akamwita msichana kwa jina lake, kwa sauti ile ya kuvuka ua, ingawa mtoto alikuwa amekalia viatu vyake.

Ijumaa kamati ilikaa. Mwenyekiti akaanza kunisomea habari za kitu kigeni. Nikamwambia mimi pia nina malalamiko. Akasema, kama alivyotarajiwa, "Lete kwa maandishi." Alidhani nitachoka. Nilienda senta ya Mogogosiek nikanunua karatasi za fulskepu, nikaandika, Kogo ameketi kando yangu akinisahihisha. Tuliipeleka wote wawili, ikapigwa muhuri.

*Kwa Mwenyekiti, Kamati ya Kituo cha Majani.*

*MINT: MALALAMIKO DHIDI YA KARANI KUHUSU MCHEZO WA MTOTO*

*Mimi ni mkulima wa kituo hiki. Nakiri kwamba niliweka simu ndani ya gunia na naomba radhi kwa kiwanda, si kwa karani. Nalalamika kwamba karani alichukua siri niliyompa jikoni akaifanya namba tatu. Nimemwomba aitoe, na kila mara ameleta mbuzi, mursik na meno ya Mwenyekiti.*

*Siombi tena itolewe, kwa kuwa imeshasomwa na kila mtu. Naomba isahihishwe. Mahali palipoandikwa "Mama mkwe hajui" paandikwe: "Mama mkwe ameona, amenyamaza, ana sababu zake."*

*Pia karani aelezwe kwamba sehemu ya pili ya mchezo isingoje tumbo langu. Akitaka vitu vya ukweli, aoe.*

*Mlalamishi wa pili, ambaye ni mama mzazi wa karani, ametia sahihi hapa chini. Anaongeza kwamba ugoro wa kwenye mchezo unafanya kazi mara moja, jambo ambalo si kweli. Yeye kwa karani mwenyewe, alipokuwa mchanga, alijaribu mara tano.*