Funda la Maji Juu ya Tuta

Nilipokuwa mtoto, darasa la tatu hivi, kulikuwa na maji juu ya paa la nyumba yetu. Sisemi mafuriko. Mafuriko watu wa Kyela tunayajua, yanaingia mlangoni bila hodi, yanalowesha magodoro, yanaondoka zake. Haya yalikuwa yamesimama. Bwawa lilijengwa juu ya bonde, pale mto unaposhuka kutoka milima ya Rungwe, na sisi tuliokuwa tunakaa bondeni tukahamishiwa chini yake, upande wa Makwale. Ukisimama uani kwetu na kuinua macho, uliliona tuta la udongo limeziba bonde kutoka kilima hadi kilima, limeota majani, mbuzi wanalichezea. Nyuma yake kulikuwa na maji yaliyotupita sisi na michikichi yetu kwa urefu. Ziwa Nyasa nilikwisha kuliona na halikunitisha, kwa sababu lile aliliweka Mungu mahali pake. Hili liliwekwa na watu, tena watu niliowaamkia kila siku, na waliliweka juu yetu.

Bibi, mama yake baba, hakuwahi kulipanda tuta lile. Siku bwawa lilipojaa mara ya kwanza tulikwenda wote kulitazama, wengine wamevaa nguo za kanisani. Bibi alibaki nyumbani anapepeta mchele. Nyumba yake ya zamani, migomba yake na kisima chake vilikuwa vimelala huko chini ya maji. Babu mdogo, yaani mdogo wake marehemu babu, ndiye aliyekuwa msemaji wa ukoo wakati bonde linatolewa kwa ajili ya bwawa, na tangu hapo Bibi hakuzungumza naye zaidi ya salamu. Yeye akipita atasema, "Ugonile, shemeji," Bibi atajibu, "Ndaga," na mazungumzo yameishia hapo. Watu waliliona jambo hilo na lilianza kuwasumbua.

Liliwasumbua kwa sababu kwetu hasira ya mtu mzima ni kitu chenye uzito. Mkubwa wa nyumba akikaa na kinyongo tumboni asikiseme, baridi yake hutoka ikashika kitu. Mtoto anapata homa isiyoeleweka, ng'ombe anakauka maziwa, pombe inakataa kuchacha. Na dawa yake si mizizi. Dawa ni kusema, mbele ya huyo uliyekosana naye, neno zima bila kubakiza, kisha unachukua funda la maji na kulitema kwa kulipuliza, na kinyongo kimetoka. Mimi na binamu yangu tulifanyishwa hivyo na Bibi tulipogombania ndala. Tulitemeana usoni kwa makusudi, tukachapwa wote wawili, ugomvi ukaanza upya.

Masika ya mwaka uliofuata yalikuja kwa fujo. Ilinyesha juma zima, usiku na mchana, mpaka kuni za jikoni zikaota ukungu. Asubuhi moja maji ya matope yakaanza kutoka chini ya tuta, upande wa kwetu. Fundi mkuu wa bwawa, kijana mpole asiyependa kupiga kelele, aliwaambia wazee kwamba maji meupe yakivuja si hoja, tuta lolote la udongo linavuja kidogo. Haya yenye matope maana yake tuta linaliwa kwa ndani. Akafungua milango yote ya kutolea maji bwawani, akaomba kila mwenye mikono aje kujaza viroba vya mchanga na kokoto. Huku chini watoto na wazee walianza kupelekwa kanisani, kwenye mwinuko. Mama alikuwa amejifungua mdogo wangu siku chache tu nyuma, hata kutembea vizuri hajaweza.

Ndipo Babu mdogo akaja, amelowa mwili mzima. Alisimama mlangoni, hakuingia.

"Shemeji, watu wanasema," alianza.

"Wanasema nini?" Bibi alikuwa anamviringisha mtoto kwenye blanketi, hakugeuka.

"Kwamba tuta limeshikwa na baridi yako."

"Na wewe unasemaje?"

Babu mdogo alijifuta maji usoni. "Mimi nasema, kama una neno, njoo uliseme. Hata kama ni la kunitukana."

Bibi alimrudishia mama mtoto. Alijifunga kitenge cha pili kifuani, akanishika mkono. Baba alisema mimi niende kanisani na wenzangu, na Bibi akamjibu kwamba njia inateleza na yeye anataka mkono wa kushika. Baba hakuwa mtu wa kubishana na mama yake, wala siku ile haikuwa ya kuanza.

Tulipanda. Chini yetu watu walikuwa wanapokezana viroba, na walipomwona Bibi wakageuza nyuso juu, mstari mzima. Mimi nilikuwa naangalia miguu yangu nisianguke, kwa hiyo nilipoinua macho tulikuwa tumekwisha kufika juu, na maji yalikuwa pale pale, karibu na vidole. Sina namna nzuri ya kulieleza jambo hili. Upande mmoja nililiona paa letu, dogo, na moshi wa jikoni bado unatoka. Upande wa pili maji yalianzia miguuni mwangu yakaenda mpaka vilima vilipokunjana, ya rangi ya chai ya maziwa, mvua ikiyapiga kote kwa wakati mmoja. Katikati yetu na hayo yote palikuwa na udongo, upana wa barabara. Nilihisi unatetemeka. Huenda nilikuwa mimi. Niliogopa, lakini pia sikutaka kuondoka, na hisia zile mbili sijawahi kuzipata tena kwa pamoja.

Bibi alisimama akatafuta kwa macho pale palipokuwa na nyumba yake. Kisha akaanza kusema, kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Shemeji, watu wa mradi walipokuja kuuliza makaburi, uliwaonyesha la mume wangu, la mama mkwe, na ya ndugu zenu. Yalihamishwa kwa heshima, mchungaji akaomba, tukapika, tukala. Hilo silikatai. Lakini nyuma ya nyumba, kwenye mgomba wa mwisho karibu na kisima, yuko mwanangu."

"Mwana gani?" Babu mdogo aliuliza.

"Wa kwanza. Kabla ya baba yake huyu. Hakumaliza hata mwezi."

Hapa ni lazima nieleze, kwa sababu siku hizi mambo yamebadilika. Zamani kwetu mtoto mchanga akifa alizikwa na wanawake peke yao, nyuma ya nyumba, migombani. Hapakuwa na kilio wala ng'ombe wa kuchinjwa, na wanaume walikaa mbele ya nyumba wakiongea habari nyingine. Babu mdogo alipoulizwa makaburi alionyesha yale wanaume waliyoyachimba. Hakudanganya. Na Bibi angedai vipi kaburi ambalo desturi yake mwenyewe ilisema halipo?

"Nilimwita Tusekile," Bibi alisema. Maana yake ni tumefurahi. "Mmemfunika kwa maji, na hakuna aliyeniuliza."

Babu mdogo alivua kofia, ingawa mvua ilikuwa inanyesha.

"Nilionyesha niliowazika kwa mikono yangu," alisema. "Huyu sikumjua, mama. Nimekosa."

Bibi aliinama ukingoni, akachota maji kwa kiganja, akayaweka mdomoni. Alikaa nayo muda mrefu, mashavu yamejaa, na machozi yakimtoka waziwazi. Kisha akayapuliza juu ya bwawa. Babu mdogo naye akachota, akapuliza. Kule chini watu walikuwa wamesimama na viroba mabegani, hakuna aliyetikisika, na ule mngurumo wa maji kwenye utoro, njia ya kumwagia maji yaliyozidi, ukawa ndio sauti pekee duniani. Baadaye mtu mmoja akakohoa na kazi ikaendelea.

Jioni fundi alipita nyumba kwa nyumba kutuambia kwamba maji yanayovuja yameanza kuwa meupe. Mvua nayo ilikuwa imepungua huko Rungwe.

Leo mimi niko kwenye kamati ya watumiaji wa maji ya bwawa hilo hilo, na najua kokoto na mchanga vinafanya nini chini ya tuta linalovuja. Wale watu na fundi wao ndio waliotuokoa, sina ubishi. Lakini bado nastaajabu. Kijiji kizima kiliamini kwamba ukimya wa mama mmoja mzee unaweza kubomoa kilima cha udongo, na kwa sababu ya kuamini hivyo, mtu alilowa mvua akaenda mlangoni kwake kumuuliza ana neno gani. Wasingeogopa, nani angemuuliza? Mpunga tunaouvuna sasa unanyweshwa na maji yanayomfunika shangazi yangu, na angalau tunalijua jina lake.

Mfereji mpya ulipoanza kupimwa kuelekea Ipyana, wanaume walitutembeza wakatuonyesha makaburi yao. Niliwashukuru. Halafu nikazunguka nyuma ya nyumba, kwenye migomba, nikawauliza wanawake. Huwa wanatazamana kwanza. Kisha mmoja anafuta mikono kwenye kitenge na kutangulia njia.