Toa Sauti Yangu

Mtu wa kwanza kuniahidi kifo alifanya hivyo nikiwa na mandazi mdomoni. Ilikuwa saa ya chai katika ofisi ya wakala wa forodha pale Malaba, ninapofanya kazi ya kujaza stakabadhi za malori. Nilifungua simu nikasoma kwamba nikipatikana nitavunjwa vidole, kimoja baada ya kingine, ili nisitengeneze kitu kingine tena. Nilimaliza kutafuna. Nikasoma ujumbe uliofuata. Huyo alitaka nyumba yetu ichomwe tukiwa ndani. Mwingine alinieleza, kwa utulivu wa mtu anayeagiza chakula, mahali ambapo kisu kingeingilia. Nilienda chooni nikatapika, nikanawa uso, nikarudi kwenye stakabadhi za lori la saruji na kukagua kila tarakimu mara tatu kama ilivyo kawaida yangu.

Kosa langu lilikuwa hili. Kwa miaka kadhaa nilikuwa nikitengeneza gemu ya kompyuta. Sikuisomea popote, nilijifundisha kwa video na kwa kukosea. Mchezaji anaendesha lori kutoka bandarini hadi mpakani, na sehemu ngumu kuliko zote ni foleni ya Malaba, ambapo lori husogea kidogo kidogo huku bodaboda zikipenya kila upande. Gemu za namna hii huuzwa kwenye maduka ya mtandaoni, na karibu kila mchezaji ana duka moja alilolizoea. Gemu zake zote zimo humo, na marafiki anaocheza nao wamo humo. Nilikuwa nimetangaza kwamba yangu pia itauzwa humo. Kisha duka jipya likanitafuta. Lingenilipa kabla hata sijamaliza, kwa sharti kwamba kwa mwaka mzima gemu isiuzwe mahali pengine popote. Niliusoma mkataba mpaka nikaona mahali walipokosea kuweka nukta. Nikatia sahihi.

Watu walionitukana hawakuwa wameicheza gemu yenyewe. Walichukia kusukumwa kwenye mlango wa duka wasilolitaka, na kusema kweli hata mimi nisingependa. Lakini duka halina uso. Mimi nilikuwa nao, na picha yangu ilikuwa mtandaoni. Nakiri kwamba niliwasoma wote, hata waliorudia maneno ya wenzao, kwa sababu siwezi kuacha kitu katikati. Nilianza kutembea nikiangalia nyuma. Pikipiki ikipunguza mwendo karibu nami, nilikuwa nikijibanza ukutani mpaka ipite.

Niliwaogopa watu wa mbali. Wa karibu sikuwafikiria.

Kaka yangu ana chumba cha gemu karibu na yadi ya malori. Wateja wake ni vijana wa steji ya bodaboda na matanboi, wasaidizi wa madereva wa malori, wanaosubiri magari yao yavuke kwenda Uganda. Gemu yangu ilikulia pale. Walicheza matoleo yake mabovu bila kulipa, wakanicheka, wakaniambia breki gani inadanganya na kona ipi haipo duniani. Aliyenisaidia kuliko wote alikuwa mwendesha bodaboda mmoja, kijana wa rika langu, mwenye mdomo mkubwa kwa maana zote. Sauti ya kila bodaboda kwenye foleni ile ni yake. Yeye ndiye anayewatusi madereva kwa Kiswahili, kwa Kiteso na kwa Kiganda cha sokoni. Nilimrudisha kurekodi mara nyingi mpaka akaniita mwalimu mkuu. Hakudai chochote. Nilimwambia tu kwamba gemu ikitoka ataicheza pale pale, kwenye mashine ile ile, ndani ya duka lile lile alilolizoea.

Duka jipya lilipotoa video ya kionjo, sauti ya kwanza kusikika ilikuwa yake. Steji nzima iliiona. Jumapili iliyofuata, mchana, aliingia kwa kaka yangu na wenzake watatu. Hakuja kupigana. Alikuja na pesa kwenye simu, akitaka awe mtu wa kwanza Malaba kuagiza, kabla haijatoka, gemu aliyomo ndani yake, nao wenzake wawe mashahidi.

Alikaa, akafungua duka lake la siku zote, akaitafuta. Hakuna. Kaka akamweleza kwamba iko kwenye duka jipya pekee. Hakulalamika. Alijiandikisha upya huko, herufi moja moja, wenzake wakiwa wamesimama nyuma yake. Mwishoni duka lilimtaka kadi ya benki. Alitafuta mahali pa kulipia kwa simu. Hapakuwapo. Kati ya vyote nilivyovikagua kwenye mkataba ule, sikuwa nimeuliza mtu asiye na kadi atalipaje.

Mmoja wa wenzake alicheka. "Sauti yako imevuka border, wewe mwenyewe umeshikwa kwa geti."

"Ama si yeye," mwingine akasema. "Labda ni mtu anafanana na yeye mdomo."

Aligeuka kunitazama. Nilikuwa kwenye kona na kompyuta yangu. "Dada, si ulisema itakuwa huku?"

Nikieleza kitu nikiwa na hofu, maneno hunitoka mengi mno. Nilimweleza mkataba wote, sharti kwa sharti. Alisubiri nimalize.

"Kwa hivyo umetuuza."

"Sijauza mtu. Ni mwaka mmoja tu."

"Sisi ndio tulikuwa tunakuambia hii breki ni ya uongo, hii kona haiko. Leo imekuwa ya watu wako na kadi."

Hapo ndipo nikasema jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka natamani kujificha chini ya meza. Nilisema, "Usijali, nitakutumia ya bure."

Mmoja wa wenzake akatoa sauti ndogo ya puani.

"Ya bure," alisema yeye. "Kwani nimekuja hapa kuomba?"

Kaka yangu alitoka nyuma ya kaunta, akamwekea kiganja kifuani, akamwambia, boss, tuongelee nje. Hakupaswa kumgusa. Helmeti aliyoishika yule kijana ilipanda na kushuka, na nilisikia meno ya kaka kabla sijaona damu. Kaka alipoanguka, helmeti iliendelea na skrini ya kwanza, ya pili, ya tatu. Vioo vilimwagika kwenye kibodi. Wenzake, ambao dakika moja nyuma walikuwa wakimcheka, sasa walikuwa upande wake. Mmoja alipindua meza, mwingine akapiga mateke mashine iliyokuwa chini mpaka ubavu wake ukabonyea. Kaka alikuwa akitambaa, akitema vitu vyeupe mkononi.

Nilishika stuli ya chuma. Nilimpiga yule kijana begani, akageuka, nikampiga juu ya sikio. Pigo la kwanza lilikuwa la kumtetea kaka. La pili nililipiga kwa ajili ya wote walioniandikia kuhusu vidole na visu na moto, watu nisioweza kuwafikia, na ambao yeye hakuwa mmoja wao. Alianguka kwa magoti. Nikainua stuli tena. Kumpiga kulikuwa kutamu. Sijui namna nyingine ya kulisema. Ningempiga la tatu kama tanboi mmoja hangenikumbatia kutoka nyuma na kuninyanyua kama gunia.

Zahanati ilitukalisha kwenye benchi moja. Kaka alikuwa amejaza pamba mdomoni na alitaka polisi, akionyesha kwa vidole ishara ya kupiga simu. Yule kijana alikuwa ametoka kushonwa, bandeji imemzunguka kichwa. Nilimwomba msamaha. Alisema skrini atazilipa hata kama ni kwa miaka, na kaka akashusha vile vidole.

"Lakini toa sauti yangu."

Nilimuuliza anamaanisha nini, ingawa nilijua.

"Kwa hiyo kitu yako. Kila mahali niko, nitoe."

Nilimwahidi kumtafutia kadi ya benki. Nilimwahidi acheze kwenye kompyuta yangu mwenyewe, wakati wowote. Nilimwambia foleni bila yeye ni malori tu yamesimama. Nilisema hayo yote kwa mtu niliyempasua kichwa, na nakiri kwamba nilikuwa nikiiwazia gemu kuliko bandeji. Hakuwahi kutia sahihi karatasi yoyote. Tulikubaliana kwa mdomo tu. Hangeweza kulilazimisha duka lake la zamani, wala duka jipya, wala kunilazimisha mimi. Alichokuwa nacho ni sauti yake, na alikuwa anaitaka.

Alikuja nyumbani siku chache baadaye, mchana, kwa sababu alitaka kuona kwa macho yake. Mama alimpa chai akainywa. Kisha akaketi kando yangu, nami nikafungua faili moja moja. Alitaka isikike kwanza, ndipo ifutwe.

*Wewe wa kontena, hii barabara ulijengewa na babako?* Ikalia, nikaifuta. Ile ya kumwita mteja, ile ya kumtusi mbuzi kwa Kiteso. Alisikiliza zote akiwa amekunja mikono, kama mtu anayesomewa mashtaka.

Tukafika kwenye moja ambayo sikuwa nimekusudia kuihifadhi. Tulikuwa tumejifunika blanketi siku ya kuirekodi ili kelele za malori zisiingie, naye akasahau maneno. *Mwalimu mkuu, huku ndani ni moto, nitakufia.* Kisha tunacheka, yeye kwa sauti nene, mimi nikijaribu kumnyamazisha nikishindwa.

Alicheka. Ilimtoka kabla hajaizuia, akashika bandeji kwa maumivu. Nilitoa mkono kwenye kompyuta. Nikamtazama, nikasubiri.

Alikunywa chai iliyobaki, akaweka kikombe chini taratibu.

"Hiyo pia," alisema.